Misimu ya Madereva wa Malori: Je, ni Lugha ya Siri?

Wanafunzi wengi wa isimujamii hufasili misimu kuwa lugha ya kuficha siri. Fasili hii inapwaya ikipimwa kwa mazungumzo ya madereva wa malori nchini Marekani. Kufuatia mgogoro wa mafuta wa 1973, mwendo katika barabara kuu ulipunguzwa mwaka 1974 hadi maili 55 kwa saa. Madereva, ambao muda kwao ni riziki, wakategemea redio za mawasiliano kuarifiana penye mafuta na penye askari. Askari wa trafiki akaitwa dubu, kwa kuwa kofia yake ilifanana na ya Smokey, dubu wa matangazo ya kuzuia moto misituni. Kituo cha mizani kikawa banda la kuku; nao mwendo ule wa 55 ukaitwa sarafu mbili za senti tano.

Lakini siri iko wapi? Chaneli ya 19 ilikuwa wazi kwa kila mwenye redio, dubu mwenyewe akiwemo. Hata itikio lao, ‘10-4’, lilitokana na misimbo ya polisi! Wimbo ‘Convoy’ wa C. W. McCall ulipovuma mwaka 1976, msamiati huo ulizagaa nchi nzima, na madereva hawakuuacha. Waliuhitaji ili kutambuana, watu wasiojuana kwa sura, wapweke usiku kucha barabarani. Sheng nayo husikika redioni na katika matangazo ya biashara, ilhali wapo wangali wanaoifunza kama msimbo wa siri wa vijana.