Anga ya Afrika na Safari Ndefu ya Makaburu

Kutoka kiwanja cha ndege cha Johannesburg hadi Heathrow, London, ni umbali wa kilometa zipatazo 9,000. Ndege za siku hizi huumaliza mwendo huo kwa saa 11 hivi, zikilikata bara la Afrika kutoka kusini hadi kaskazini. Lakini kwa muda wa karibu miaka 30, njia hiyo iliyonyooka ilikuwa haramu kwa ndege za utawala wa makaburu.

Mwezi Mei 1963 viongozi wa nchi huru za Afrika walikutana Addis Ababa, wakaunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na wakaazimia kuzinyima ndege za Afrika Kusini ruhusa ya kupita katika anga zao. Haki hiyo hawakuibuni. Mkataba wa Chicago wa 1944 unakiri kwamba kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga yake. Kabla ya mwaka huo kwisha, shirika la ndege la makaburu lililazimika kulizunguka bara juu ya Bahari ya Atlantiki. Umbali kati ya Johannesburg na London haukuongezeka hata mita moja. Kilichoongezeka ni saa za safari, na kila saa ni mafuta, na mafuta ni fedha.

Wapo wanaodai kwamba marufuku hiyo ilikuwa kelele tupu. Husema kuwa ndege za Ulaya ziliendelea kupita juu ya Afrika hadi Johannesburg, na kwamba kisiwa cha Sal kiliendelea kuzipokea ndege za makaburu hata baada ya Cape Verde kupata uhuru mwaka 1975. Hayo ni kweli. Lakini Cape Verde ilikuwa nchi changa, maskini, iliyoandamwa na ukame, na mapato ya kiwanja kile hayakuwa na badala. Kosa si la maskini peke yake. Umoja unaodai kafara bila ya kugawana gharama zake hauwezi kukosa ufa.

Anga ya Afrika ilifunguliwa tena mwaka 1991, sheria za ubaguzi zilipokuwa zikifutwa. Silaha yenyewe haijachakaa. Mwaka 2022 Urusi na nchi za Ulaya zilifungiana anga, na safari ya Helsinki hadi Tokyo, iliyokuwa ya saa zipatazo 9, ikawa ya saa 13 hivi.

Hapana budi basi mwalimu wa jiografia anaponyoosha uzi juu ya tufe kupima umbali, awaeleze wanafunzi wake kwamba uzi huo hauonyeshi muda wa safari. Chini ya uzi huo zimo nchi za watu, na kila moja inayo haki ya kusema ndiyo au hapana. Nchi isiyo na manowari wala mabilioni inayo anga. Ikisema hapana peke yake, ndege hupinda kidogo tu. Zikisema hapana zote kwa pamoja, ndege hulizunguka bara zima.