Diski Mpya, Tarakilishi Ileile

Pana imani iliyokita mizizi miongoni mwetu wanafunzi kwamba kipakatalishi kikijaa au kikianza kujikokota, dawa yake ni moja tu: kukipeleka kwa fundi akitie diski mpya na kuupakia mfumo endeshi upya. Makala haya yanaipinga imani hiyo. Diski kuu yaweza kubadilishwa na mfumo ukabaki vilevile, pamoja na programu na mipangilio yake yote.

Nililijua hili baada ya hasara. Nilipokuwa nikiandika tasnifu, fundi mmoja alinibadilishia diski. Sura zangu alizinakili zote, nami nikamshukuru. Nilipoifungua sura ya kwanza, ukurasa mzima ulijaa mistari myekundu. Programu yangu ya kuandikia haikuwa na kamusi ya Kiswahili. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeifunza neno moja baada ya jingine, hata ikaacha kuyaona kuwa makosa. Orodha hiyo ilikuwa katika folda iliyofichika, mbali na sura zangu. Diski ya zamani nayo ilikuwa imekwisha kufutwa.

Kosa letu ni kutotofautisha kunakili faili na kunakili diski. Anayenakili faili huchukua anavyoviona. Anayenakili diski huchukua kila sehemu yake, ikiwemo ile ndogo inayosomwa tarakilishi inapowashwa. Bila sehemu hiyo, diski mpya haiwezi kuanzisha mfumo hata ikiwa na faili zote.

Kazi yenyewe haihitaji shahada ya uhandisi. Kwanza, hifadhi kazi zako mahali pengine. Pili, hakikisha kwamba diski yako inatoka, maana baadhi ya vipakatalishi vipya diski imeunganishwa moja kwa moja na ubao mkuu. Kisha nunua ya aina hiyohiyo isiyopungua ile ya zamani kwa ukubwa. Tatu, iunganishe kwa waya wa USB na utumie programu ya kunakili diski, kama vile Clonezilla, ambayo hailipiwi. Soma mara mbili ipi ni chanzo na ipi ni kikomo, kwani ukizigeuza utaifuta kazi yako mwenyewe. Nne, zima mashine, badilisha diski, kisha panua kizigeu ili nafasi iliyoongezeka itumike. Ikiwa diski imefungwa kwa usimbaji, uwe na ufunguo wake kabla ya kuanza. Diski ya zamani usiifute mpaka utakapojiridhisha.

Wapo watakaosema kwamba kupakia upya husafisha mashine. Ni kweli, na mfumo ulioingiliwa na virusi hauna budi kupakiwa upya, kwa kuwa nakala hubeba na maradhi. Lakini diski iliyojaa si mfumo mgonjwa.

Mfumo ukipakiwa upya hurejesha alichokiweka mtengenezaji. Kiswahili kilichomo katika tarakilishi zetu, aghalabu, ni kile tulichokiweka wenyewe: misamiati, rekodi za nyanjani, istilahi tulizokusanya. Hakuna kiwanda kitakachoturudishia hayo. Shime basi, wanafunzi wenzangu: kabla ya kumkabidhi fundi mashine yako, mwambie wazi kwamba unataka diski inakiliwe nzima, au ujifunze kuinakili wewe mwenyewe.