Injini ikinguruma asubuhi, bisibisi ikae mfukoni

Gari lililolala nje usiku kucha likiwashwa asubuhi, mshale wa mizunguko hupanda hadi 1,200 au 1,500 kwa dakika, injini ikanguruma kama vile kuna mtu kakanyaga mafuta. Wenye magari wengi hushtuka, na siku hiyohiyo gari liko gereji: sailensi, yaani mizunguko ya injini isipokanyagwa mafuta, iko juu, fundi aishushe. Mara nyingi hakuna cha kushusha. Na pale penye ubovu wa kweli, tusihangaike na mshale umepanda kiasi gani. Tuangalie unachukua muda gani kushuka.

Petroli haiungui ikiwa majimaji, lazima iwe mvuke kwanza. Injini ikiwa baridi, sehemu ya mafuta hubaki matone kwenye kuta za njia ya hewa, kwa hiyo kompyuta ya gari huongeza mafuta na hewa ili injini isizime. Oili nayo bado ni nzito. Kisha kuna masega yaliyomo kwenye ekzosi, yale yanayosafisha moshi: hayaanzi kazi sawasawa mpaka yafikie joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi, na sehemu kubwa ya moshi mchafu wa safari nzima hutoka katika dakika hizo za mwanzo. Ndiyo maana kompyuta huchelewesha cheche za plagi na kupandisha mizunguko kwa makusudi, masega yapate moto upesi. Maji ya injini yakikaribia nyuzi 80 au 90, mshale hurudi wenyewe kati ya 650 na 800.

Utasikia ikisemwa kwamba hayo ni mambo ya nchi za theluji, sisi huku jua linatuchoma. Hesabu haikubali. Hata Dar es Salaam ikiwa na nyuzi 28 alfajiri, injini bado iko nyuma kwa nyuzi 60 hivi. Njombe mwezi Julai pengo hilo ni kubwa zaidi. Joto letu hufupisha kazi ya kupasha injini, haliiondoi. Imani hiyohiyo ndiyo imefanya themostati zing'olewe kwenye magari mengi, eti zinachemsha injini. Kazi ya themostati ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto, na kwenye magari mengi hufunguka yakifika nyuzi 80 na kitu. Ikitolewa, maji hupoozwa tangu sekunde ya kwanza, injini inachelewa kupata joto lake, na kwenye barabara kuu yenye ubaridi huenda isilipate kabisa. Kompyuta inaamini bado ni asubuhi, inaendelea kumwaga mafuta na kushikilia mizunguko juu. Mwenye gari anarudi gereji kulalamikia sailensi na ulaji wa mafuta, anauziwa plagi, kisha sensa, na ubovu wenyewe ulitengenezwa hapohapo gereji.

Ni kweli kwamba themostati iliyokwama ikiwa imefunga huchemsha injini. Dawa yake ni kufunga mpya. Tena injini zinazochemka mara nyingi zina rejeta iliyoziba, feni mbovu, au kutu ya maji ya bomba yaliyojazwa miaka nenda miaka rudi.

Kinachoudhi zaidi ni bisibisi. Skrubu inayozuia throto, kile kilango cha hewa ya injini, isifunge kabisa hupimwa kiwandani, si ya kuchezewa. Fundi akiilegeza, asubuhi mngurumo unapungua na mteja anafurahi. Mchana, injini ikiwa moto na kiyoyozi kimewashwa, gari linazima kwenye foleni. Fundi makini huanza na kiwango cha maji, kisha mipira ya hewa iliyopasuka, kisha joto linalosomwa na kompyuta. Gari lililolala usiku mzima linapaswa kuonyesha joto la maji linalokaribiana na la hewa. Sensa ikidai maji yako nyuzi 40 chini ya sifuri hapa Pwani, basi hiyo sensa au waya wake ndio mgonjwa. Hata throto ikishasafishwa, kompyuta ya baadhi ya magari inahitaji kujifunza upya, na mizunguko huweza kubaki juu kwa muda.

Mafundi wanajitetea kwamba mteja hulipia kifaa, halipii kupimiwa, na hapo wana haki. Anayegoma kulipa ujira wa nusu saa ya vipimo ataishia kulipia vifaa vitatu asivyovihitaji. Kwa hiyo, msomaji, kesho liwashe gari likiwa baridi na utazame saa. Mshale ukishuka ndani ya dakika chache, nenda zako kazini. Ukibaki juu hata baada ya injini kupata moto, mlipe fundi apime kwanza, akuonyeshe alichokiona, ndipo mzungumzie bei ya kifaa.