Likizo ya Juni na kabati lenye kufuli

Juni iliyopita nilikwenda Muleba kumsalimia mama. Saa 12 asubuhi nikamkuta binti wa kaka yangu, yuko darasa la saba, ameshavaa sare. Hivi si mmefunga? "Tumefunga shangazi, ila tuko kambi."

Kambi yenyewe ni maswali ya kuchagua asubuhi hadi jioni, kwa kuwa mtihani wa taifa ni Septemba. Serikali imeshakataza masomo ya likizo zaidi ya mara moja. Kila mzazi anajua, na kila mzazi anachanga.

Niseme mapema kwamba siko pia upande wa wale wa "mwacheni mtoto apumzike ajifunze maisha". Jamani, Juni kwetu ni kahawa. Mtoto anayepumzika anachuma, anaanika, anageuza buni juani, jioni anateka maji. Kazi si dhambi, hata mimi niliifanya. Ila tusiibatize jina la elimu kwa sababu tu inatufaa sisi wakubwa.

Ninachogombania ni hadithi. Niliwauliza watoto sita pale kambini ni kitabu gani cha hadithi wamekisoma mwanzo mpaka mwisho. Wakatazamana. Mmoja akataja kitabu cha Sayansi.

Na hapo ni Muleba! Wilaya yenye Seminari ya Rubya, alikosoma Aniceti Kitereza, kijana wa Ukerewe aliyemaliza riwaya ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akahangaika miaka zaidi ya 30 kupata mchapishaji, hadi akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Huku kwetu msimulizi wa ngano huanza kwa kusema alikuja akaona, na wasikilizaji humjibu: ona, nasi tuone. Mmarekani Peter Seitel aliziona ngano hizo zina thamani ya kitabu kizima, akakichapisha mwaka 1980 na kukiita kwa jibu hilohilo. Sisi wenye bibi zetu hai tunawalipia watoto wakakariri A, B, C, D.

Mtoto wa Bukoba mjini angalau ana maktaba ya mkoa. Wa Muleba ahesabu nauli kwanza. Lakini hata hilo si kisingizio, maana shuleni kwa binti yetu vitabu vya hadithi vipo. Nimeviona kwa macho yangu, vimejaa kabati, kabati lina kufuli. Mwalimu akanieleza kwa upole kabisa kuwa wakipewa likizo watavipoteza. Basi na vipotee! Kitabu kilichopotea kijijini kuna mtu anakisoma. Cha kabatini kinasomwa na mende.

Sidai jengo wala mradi wa wafadhili. Fungueni kabati asubuhi mbili kwa wiki, daftari la kuazimia liwe mezani, mwalimu wa zamu alipwe kwa hizohizo hela za kambi. Mtoto achume kahawa mchana, jioni amsomee bibi kurasa tatu, na bibi naye amlipe ngano moja.

Nilimwachia binti kitabu kimoja. Wiki iliyofuata nikapiga simu. Kafika ukurasa wa 41, anasomea chooni, maana kambini wakikikuta wanakichukua.