Syokimau, Mwisho wa Reli ya Mjini

Stesheni iliyo katikati ya njia hupitwa na abiria wengi wasioijua hata jina. Bali katika ile iliyo mwisho, kila aliyebaki garini hana budi kushuka. Kwa sababu hiyo mtu atakaye kufahamu namna watu wa mji wanavyoishi, afadhali aende hadi mahali reli inapokoma, asimame kando, awatazame wanaoshuka na njia wanazoshika. Juma hili twapenda kuwapeleka wasomaji wetu Syokimau, katika Kaunti ya Machakos, yapata kilomita 16 kutoka stesheni ya zamani ya Nairobi. Safari hii yamfaa karani anayetafuta mahali pa kukaa, na yamfaa vile vile mkulima ambaye siku moja ataulizwa bei ya shamba lake.

Kwanza tulitazame jina. Syokimau alikuwa mwanamke wa Kikamba, mtabiri mashuhuri wa karne ya 19. Mapokeo ya Wakamba yasema kwamba aliwaonya watu wake mapema kuwa atakuja nyoka mrefu, atakayetambaa kutoka maji haya hadi maji yale, na pamoja naye watu wa rangi ngeni wachukuao moto mifukoni. Reli ilipokuja, watu wakasema kuwa nyoka ndiye huyo. Na walipoona viberiti, wakaufahamu na moto wa mifukoni. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwezi wa Mei 1899, na mwezi wa Desemba 1901 ukafika Kisumu. Ndivyo bahari na ziwa zilivyounganishwa kwa chuma. Leo jina la mama huyo ni jina la mtaa mkubwa, na ni jina la stesheni pia.

Lakini stesheni yenyewe si ya siku zile. Ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012, baada ya kutandikwa kipande kifupi cha reli mpya cha kuifikia. Sababu ya kuijenga yaonekana na kila apitaye Barabara ya Mombasa asubuhi. Motokaa, matatu na malori husongamana hapo, na mfanyakazi aweza kukaa ndani ya gari muda mrefu kuliko ule ambao angeutumia kwa miguu. Basi iliazimiwa kwamba mwenye motokaa aiache Syokimau, katika uwanja uliotengenezwa kwa ajili hiyo, na asiyekuwa nayo afike kwa miguu au kwa matatu, kisha wote wapande treni moja. Treni hiyo hupita Imara Daima na Makadara, hata kufika mjini. Haina haja ya kungoja lori lililoharibika barabarani, maana njia yake ni yake peke yake.

Hata hivyo, treni ina sharti lake. Matatu humngoja abiria, na pengine humwita kwa jina. Treni haimngoji mtu. Safari nyingi za wafanyakazi ni za asubuhi na jioni, na aliyekosa ile ya jioni hurudi barabarani katika msongamano ule ule alioukimbia. Kwa hiyo anayekaa mwisho wa reli hujifunza kuipanga siku yake kwa saa ya treni. Hulala mapema na kuamka mapema, na kazi yake ya ofisini huimaliza kwa wakati ili asiachwe.

Msomaji akipata nafasi, na aende jioni ya siku ya kazi. Treni ikisimama, milango hufunguliwa na jukwaa hujaa watu kwa dakika chache. Utaona karani na mkoba wake, fundi na vyombo vyake, mama aliyenunua mboga mjini, na mwanafunzi aliyechoka. Hakuna anayekaa kuzungumza. Wengine huelekea kwenye motokaa zao, wengine kwenye matatu, wengine hupanda bodaboda, na wengi hushika njia kwa miguu. Punde si punde jukwaa huwa tupu. Hapo ndipo mgeni hutambua kwamba reli imewafikisha watu karibu na nyumbani, lakini haijawafikisha nyumbani. Sehemu iliyobaki, iwe ni hatua mia au kilomita tatu, ndiyo itakayompa mtu raha au taabu kila siku ya maisha yake, hasa wakati wa mvua, maana udongo mweusi wa tambarare za Athi hunasa viatu na magurudumu pia.

Karibu na hapo liko jambo jingine la kutazamwa. Ni stesheni kubwa ya reli mpya itokayo Mombasa, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei mwaka 2017. Wageni wengi huuliza kwa nini treni ya Mombasa isiendelee moja kwa moja hadi katikati ya mji. Jibu ni upana wa njia. Katika reli ya zamani, nafasi kati ya chuma na chuma ni milimita 1,000. Katika reli mpya ni milimita 1,435. Magurudumu ya moja hayawezi kukaa juu ya njia ya nyingine, hata kama njia hizo zingekuwa bega kwa bega. Kwa hiyo abiria wa Mombasa hushuka na mizigo yake, na akitaka kufika mjini kwa reli, hupanda treni ndogo ya njia ya zamani. Na tangu mwaka 1999 ulipopita miaka 20, yaani mwaka 2019, reli mpya imeendelea kutoka hapo hadi Suswa. Basi pale anaposhuka mmoja, mwingine ndipo anapoanza safari.

Sasa tuje kwenye neno kubwa la juma hili. Reli ifikapo mahali, watu huifuata, na watu wakija ardhi hupanda bei. Mahali palipokuwa malisho huwekwa vigingi, na vigingi huzaa nyumba za ghorofa. Palipo na bei kubwa, hapakosi wadanganyifu. Mwezi wa Novemba 2011, mwaka mmoja kabla ya stesheni kufunguliwa, matingatinga yalibomoa nyumba nyingi huko Syokimau. Ilisemwa na wenye mamlaka kwamba ardhi ile ni ya kiwanja cha ndege. Wenye nyumba walishika karatasi mikononi wakisema kwamba walinunua kwa haki. Waliobomolewa hawakuwa wavivu wala wajinga. Wengi walikuwa watu wenye mishahara, walioweka akiba miaka mingi ili wasilipe kodi ya nyumba uzeeni. Walipoteza kwa siku moja kile walichokikusanya kwa maisha yao.

Kwa hiyo anayetaka kununua kiwanja karibu na mwisho wa reli, iwe Syokimau au kwingineko, asitosheke na karatasi aliyoonyeshwa na muuzaji. Na aende mwenyewe katika ofisi ya msajili wa ardhi, aombe taarifa rasmi ya hati ile, ajue imeandikwa jina la nani na kama ina deni au zuio. Kisha aitazame ramani ya wapimaji, alinganishe na mawe ya mipaka yaliyo shambani. Awaulize na majirani wa siku nyingi, maana wao hujua malisho yalikuwa ya nani kabla ya vigingi kuja. Wahenga walisema, asiyeuliza hana ajifunzalo. Gharama ya kuuliza ni ndogo sana ikilinganishwa na gharama ya nyumba iliyovunjwa. Na akisha kuridhika na hati, aitembee njia ile kutoka stesheni hadi kiwanjani kwa miguu yake, siku ya mvua, kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Mkulima naye ana sehemu yake. Akisikia kwamba reli au barabara yaja upande wake, wanunuzi watamjia na fedha taslimu na maneno matamu. Na akumbuke kwamba shamba la kilimo haliuzwi kwa mapatano ya mdomo chini ya mti. Sheria ya mwaka 1967 yataka kibali cha bodi ya ardhi, na ombi lapasa kupelekwa katika muda wa miezi 6 tangu mapatano yalipofanywa. Bila kibali hicho mapatano hayana nguvu, na ugomvi utakaofuata utawala watoto wake. Tena mkewe na watoto wake wajue habari ya mauzo kabla ya kalamu kushika karatasi, maana fedha huisha upesi, nao ndio watakaoulizwa watakula wapi.

Hatusemi haya ili kuwatia watu hofu. Treni ya mjini ni msaada mkubwa kwa mtu wa mshahara mdogo, na ni vema watu wakae nje ya msongamano, mahali watoto wanapopata hewa. Twasema tu kwamba kazi ya kuleta reli ni ya serikali, na kazi ya kuchagua mahali pa kujenga ni ya mtu mwenyewe. Atakayekwenda Syokimau na aitazame stesheni, apande treni, asome saa zake. Kisha aifuate njia ya wale wanaokwenda kwa miguu, aone inaishia wapi.