Kipigo Ulichokirithi Usikirithishe

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.



Miongoni mwa barua zilizonifikia mwezi huu, ipo moja niliyoisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Imetoka kwa binti aishiye huku kwetu Pwani, lakini aliyezaliwa na kukulia Tongaren, katika Kaunti ya Bungoma, upande ule unaoelekea Kitale. Ameniruhusu nimjibu hapa ili wengine nao wafaidike, nami nimeyaondoa yote yawezayo kumtambulisha.

Tongaren ni nchi ya mahindi. Mashamba yake yalikuwa mikononi mwa walowezi wa Kizungu, na katika miaka ya uhuru yakagawiwa familia za Kiafrika. Mgeni apitaye huko wakati wa mavuno huona magunia yamepangwa barazani, akadhani kila nyumba ina shibe. Nyumba ya binti huyu haikuwa nayo. Baba akishauza mahindi, fedha ziliishia kwenye chang'aa, na akirudi usiku alirudi na fimbo. Mama alivumilia miaka mingi, kisha akakimbia. Alimwacha binti huyu akiwa na miaka 8, pamoja na wadogo zake wawili. Tangu siku ile kipigo kilichokuwa cha mama kikawa chake.

Aliyewanusuru ni jirani, mama mjane aliyekuwa akiuza maziwa. Hakuwa na mali, wala hakuwa na uwezo wa kumkabili baba yule. Alichokifanya ni kuacha mlango wa jiko lake bila komeo usiku, na kuweka uji karibu na mafiga. Watoto wakiingia hakuwauliza kitu. Huyo ndiye aliyemnunulia binti madaftari hata akamaliza shule.

Leo binti ni mke na mama. Mwenyezi Mungu amemruzuku Uislamu, mume mpole na watoto watatu. Anaandika kwa sababu ya mambo mawili.

La kwanza, mtoto wake wa kike mwenye miaka 7 alimwaga maziwa jikoni. Mama akanyakua mwiko, akauinua. Mtoto hakulia wala hakukimbia. Alichutama akajifunika kichwa kwa mikono yote miwili, vilevile kama mama yake alivyokuwa akifanya Tongaren. "Sikumfundisha kujikinga hivyo, Sheikh," ameandika. "Basi amejifunza wapi, kama si kwangu?" Aliuangusha mwiko, akajifungia chooni akalia.

La pili, ndugu yake amempigia simu. Baba yao amepata kiharusi, hawezi kutembea, na anataka aletwe Pwani akae kwa bintiye. Sasa anauliza: Je, ubaya huu uko katika damu yangu? Na je, nikikataa kumleta baba nyumbani kwangu, nitakuwa nimemuasi Mola wangu?

Binti yangu, nianze na la damu. Wewe umeitaja methali isemayo kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na umeisoma kana kwamba ni hukumu iliyokwisha kukatwa. Methali ile imesemwa kumwonya mlezi. Haikusemwa kumfungia mlango mtoto aliyelelewa vibaya. Lau malezi mabaya yangekuwa kifungo cha maisha, toba isingekuwa na maana, na wengi wetu tusingekuwa na tumaini.

Wala hauko peke yako. Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba karibu nusu ya wanawake wa umri wa miaka 18 hadi 24, na zaidi ya nusu ya wanaume wa umri huo, walitendewa ukatili wa namna fulani kabla ya kutimiza miaka 18. Basi katika safu ya sala, ukimtazama wa kulia na wa kushoto, huenda mmoja wao amebeba ulichobeba wewe.

Wako wataalamu waliowafuatilia watoto wa namna hii kwa miaka mingi. Katika kisiwa cha Kauai, huko Hawaii, mtaalamu Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, tangu kuzaliwa hadi utu uzima. Wengi wa wale waliokulia katika ufukara na nyumba zenye ugomvi na ulevi walipata taabu kubwa. Lakini takriban thuluthi moja yao walikua wakawa watu wazima watulivu, wenye kazi na wenye huruma. Jambo mojawapo lililowatofautisha ni kwamba kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyemshika mkono bila kuchoka: bibi, mwalimu, au jirani. Wewe ulikuwa naye, binti yangu. Ni yule mama wa maziwa. Malezi uliyoyapata hayakuwa ya baba yako peke yake.

Hapa nchini tunao mfano wa Bwana Charles Mulli. Si wa dini yetu, lakini jema husemwa alipo mwenye nalo. Alizaliwa upande wa Machakos kwa baba mlevi na mkali, na alipokuwa na miaka 6 aliamka akakuta jamaa zake wamehama wamemwacha. Aliishi kwa kuombaomba. Alipokua alifika Eldoret, si mbali sana na kwenu, akajenga biashara ya magari ya abiria mpaka akatajirika. Mwaka 1989 akaiacha biashara ile, akaanza kuwachukua watoto wa mitaani nyumbani kwake, na tangu hapo maelfu wamepita katika malezi yake. Baba yake naye walipatana. Mtu aliyeachwa akiwa mtoto amekuwa baba wa walioachwa. Basi damu haikumshinda.

Sasa niseme langu, kwa kuwa si uungwana kumshauri mtu kuhusu mkono wake nikauficha wangu. Nilipoanza kusomesha chuoni, nikiwa kijana, nilishika bakora kama walivyoishika waalimu wangu. Wazazi walituletea watoto na maneno yale tuyajuayo: nyama yako, mifupa yangu. Siku moja nilimpiga mtoto wa miaka 9 kwa kukosea sura aliyokuwa akiijua jana yake. Hakurudi tena. Baadaye nikaelezwa kwamba usiku ule hakupata usingizi kwa sababu ya vita vya wazazi wake. Nilipokwenda kumtaka radhi nikakuta wamehama. Bakora ile niliivunja, lakini mtoto yule sijamwona mpaka leo. Wewe mtoto wako yupo chumba cha pili. Hiyo ni neema kubwa, usiipoteze.

Mtume wetu (s.a.w.) naye alikuwa yatima. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa, mama yake akafariki yeye akiwa na miaka 6, na babu yake akiwa na miaka 8. Bi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Anas bin Malik (r.a.), aliyemtumikia miaka 10 tangu utotoni, amesimulia kwamba hakusikia kwake hata neno la kuchoshwa. Watu hunijibu kwamba hadithi zimetaja kumtia adabu mtoto juu ya sala. Wanazuoni wameliwekea jambo hilo mipaka mizito, na hakuna hata mmoja aliyehalalisha kipigo cha hasira kwa maziwa yaliyomwagika. Kenya pia, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamkinga mtoto dhidi ya ukatili, hata ukitoka kwa mzazi wake.

Basi fanya haya. Mtake radhi mtoto wako kwa maneno yaliyo wazi: nilikosa, haikuwa haki yako kuogopeshwa. Mzazi hapungukiwi heshima kwa hilo. Chunguza ni saa ngapi hasira hukupanda. Mara nyingi ni jioni, ukiwa umechoka na una njaa, basi mwombe mumeo awashike watoto saa hiyo. Ikikupanda, fuata mafundisho ya Mtume: uliyesimama keti, uliyeketi jilaze, kisha tia udhu. Na mweleze mumeo habari za Tongaren. Umeandika kwamba hujapata kumwambia. Mzigo ule huwezi kuubeba na watoto watatu juu yake. Ukihitaji mshauri wa hospitali, nenda, kwani kutafuta tiba ni katika dini. Na yeyote ajuaye mtoto anayeumizwa, nambari 116 hupigwa bila malipo kote nchini.

Ama baba yako. Haki ya mzazi haifutwi na ubaya wake, wala na tofauti ya dini. Bi Asmaa bint Abi Bakr (r.a.) alipojiwa na mama yake ambaye hakuwa Mwislamu, Mtume alimwamuru amuunge. Kwa hiyo changieni, wewe na ndugu zako, dawa na chakula chake na mtu wa kumuuguza. Muulizie hali. Ukiweza, nenda ukamwone.

Lakini kumtendea wema si lazima kuwe ni kumlaza katika nyumba wanamolala wanao. Kumbuka habari ya Wahshi, aliyemuua Hamza, ami yake Mtume, siku ya Uhud. Alipokuja kusilimu alikubaliwa, hakulipiziwa kisasi. Hata hivyo Mtume alimwomba, kama anaweza, asijitokeze mbele ya macho yake. Ikiwa mbora wa viumbe alisamehe na bado akahitaji umbali, nani atakulaumu wewe? Hujamuasi Mola wako kwa kumhudumia baba yako akiwa Tongaren. Kusamehe ni kuacha kudai kisasi. Si kusema kwamba hayakutokea, wala si kujirudisha mahali ambapo mkono wako utaanza kutetemeka tena mbele ya watoto.

Nanyi wasomaji wengine, barua hii ni yenu pia. Katika mtaa wenu yupo mtoto ambaye kila mtu anajua anavyoishi, na kila mtu anasema hayo ni mambo ya nyumba ya watu. Mjane yule wa Tongaren hakuwa na cheo wala fedha. Alikuwa na uji na mlango usio na komeo, na leo watoto watatu huku Pwani, asiowajua hata kwa majina, wana mama aliyeuangusha mwiko.

Binti yangu, ukienda kumwona baba yako, pita kwanza kwa mama huyo, ikiwa bado yu hai. Mpelekee kanga, na umchukue mwanao wa kike amwone.

Wallahu a'lam. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.