Kabla ya kununua jiwe la potasi, tupige hesabu

Ndugu memba wa koperative, msimu huu karibu kila mkutano tunaulizwa swali moja: tutoe pesa ya kasha ya pamoja tununue ile mbolea ya "jiwe la asili" yenye potasi? Jibu letu sisi maagronomi: si kwa mashamba yote, na si kabla ya hesabu.

Jiwe lenyewe si uongo. Linaitwa langbeiniti, chumvi ya sulfati yenye potasi na manyezi, iliyobaki wakati bahari za zamani sana zilikauka. Karibu na Carlsbad, New Mexico, kule Marekani, wanalichimba chini kabisa, ndani ya tabaka za chumvi zenye umri wa miaka kama milioni 250. Linatoka limechanganyika na chumvi zingine, basi wanaliosha kwa maji: zile zingine zinayeyuka mbio, langbeiniti inayeyuka polepole, njo inabaki.

Wenye kuishi karibu na Nyiragongo wanatuuliza kama liko katika mawe yao. Lava ya pale iko na potasi kweli, lakini imefungwa ndani ya jiwe gumu; si chumvi ya kuchota na kumwaga shambani. Na kule Kongo-Brazzaville, ku Holle, walichimba potasi mpaka mgodi ukajaa maji mwaka 1977. Ile ilikuwa ya kloruru, si sulfati.

Sasa hesabu. Kwenye mfuko potasi inaandikwa K2O. Mfuko wa kilo 50 wa langbeiniti unabeba kilo 11 hivi. Mfuko uleule wa kloruru ya potasi (KCl) unabeba kilo 30. Ukitafuta potasi tu, unalipa usafiri karibu mara tatu, na barabara zetu mnazijua. Lakini langbeiniti inaleta pia manyezi na salfa, tena haina kloruru. Kwa tumbako hiyo ni faida kubwa, sababu kloruru inafanya jani lisiwake vizuri. Kwa viazi vya kizungu pia: kloruru ikizidi, kiazi kinakuwa cha maji-maji. Hapo tunakubali mfuko ununuliwe. Kwa muhogo na ndizi, bado.

Muuzaji mmoja aliwaambia wamama kwamba jiwe hili linatoa ukali wa udongo. Hapana. Halibadilishi uchachu. Kazi ile ni ya chokaa, au majivu kidogo.

Na hapa tukubali kosa letu. Miaka mingi tumehubiri ureya, ureya, huku tunapita kando ya malundo ya maganda ya ndizi pale wanapokamua kasiksi. Potasi ya shamba ilikuwa imelala pale, inaoza kando ya njia. Kila mkungu unaopanda gari kwenda mjini unaondoka na potasi. Maganda na mashina, basi, yarudi chini ya migomba. Majivu ya jikoni yawekwe pakavu, maana mvua moja inaosha potasi yote. Msiyachanganye na ureya, azoti itapotea hewani. Msiyamwage mengi kwenye viazi, vitapata ukoko kwenye ngozi.

Mkutano ujao, wenye viazi na tumbako wakae pamoja, waandike ukubwa wa mashamba yao, halafu tuhesabu mifuko. Wengine walete kwanza majivu yao tuyaone yamewekwa wapi.